Mwenda Jean Bosco: ulimi wa nyumbani mbele ya mikro

Kwenye redio zetu, mutangazaji akishika karatasi anageuza ulimi: mutoto anakuwa mtoto, muzuri anakuwa mzuri. Mwenda Jean Bosco alisikilizwa mpaka inchi za jirani akiimba Kiswahili cha Katanga.

Alizaliwa mwaka wa 1930. Alikuwa mutu wa Bayeke, wale waliotoka Unyamwezi na M'siri na kufanya makao Bunkeya. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa anazunguka na mashini ya kurekodi, alimukuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na gitare lake. Hapo « Masanga » ikarekodiwa.

Sahani zikavuka mipaka. Baadaye akakaa kidogo Nairobi, akawa na kipindi chake redioni. Huko ndiko kulikuwa jaribu lenyewe, maana wasikilizaji wa Kenya walizoea Kiswahili kingine kabisa. Lakini walimupenda, na wapiga gitare wao wakaanza kuiga vidole vyake.

Kweli, wimbo si habari. Tangazo la kipindupindu linataka maneno ambayo Kalemie, Bukavu na Goma wote wanasikia. Lakini kuchagua neno ni kazi moja, kulitamka ni ingine. Kikundi cha Mufwankolo, hapa hapa Lubumbashi, kilielewa hilo: wachezaji walipatana hadithi, kisha wakaongea tu, bila karatasi.

Mwaka wa 1969 Mwenda alipiga Newport, Marekani. Alikufa mwaka wa 1990 katika ajali ya barabarani, Zambia.