Askofu Huddleston na shule iliyofungwa

Wengi wetu tunaifahamu Minaki, kule Kisarawe, ambako misheni ya UMCA ilihamishia chuo chake kutoka Kiungani, Unguja, mwaka 1925. Marehemu Askofu Trevor Huddleston naye alikuwa na shule ya namna hiyo mikononi mwake, tena ya sifa, lakini yeye na watawa wenzake waliamua kuifunga.

Alizaliwa Bedford, Uingereza, mwaka 1913. Alipewa upadre, akawa mtawa wa Shirika la Ufufuo la Mirfield, na mwaka 1943 akatumwa Sophiatown, mtaa wa Waafrika huko Johannesburg. Siku moja alimvulia kofia mama mmoja Mwafrika, mpishi, jambo ambalo Mzungu wa siku zile hakulifanya. Mtoto wa mama yule alikuwa kando akitazama: ndiye Desmond Tutu. Baadaye kijana huyo alipolazwa kwa kifua kikuu, Padre alikwenda kumwona kila juma.

Mwaka 1953 serikali ya makaburu ilitunga Sheria ya Elimu ya Wabantu. Nia yake ilikuwa mtoto mweusi afundishwe kiasi cha kutosha kutumikia tu. Misheni ziliambiwa zikabidhi shule zao, ama zikose ruzuku. Shule ya Mtakatifu Petro, Rosettenville, ambako Oliver Tambo alisoma na kufundisha, ilikuwa chini ya watawa hao. Wengine katika Kanisa waliona heri elimu mbovu kuliko watoto kuzurura mitaani. Huddleston akakataa kabisa, na shule ikafungwa mwaka 1956.

Nimefundisha walimu miaka mingi, na uamuzi huu hunisumbua hata leo. Mwanafunzi aliyebakiza mwaka mmoja alikwenda wapi? Sina hakika kama mimi ningethubutu. Lakini pia sijui ningemwambia nini mwalimu kijana, kwamba kazi yake ni kumzoeza mtoto kujiona duni.

Hapa kwetu shule za makanisa, Minaki ikiwamo, nazo zilichukuliwa na serikali kwa Sheria ya Elimu ya 1969. Wapo wazee waliosikitika. Ila serikali iliyozichukua ilikwisha kuondoa ubaguzi wa rangi mashuleni, na hiyo ndiyo tofauti.

Shirika lilimwita Huddleston arudi Uingereza mwaka 1956. Tarehe 26 Juni 1959, mjini London, yeye na Mwalimu Nyerere walihutubia mkutano ulioanzisha mgomo wa kutonunua bidhaa za Afrika Kusini. Mwaka uliofuata akawekwa kuwa Askofu wa Masasi. Alikaa miaka minane, akiwaona wakimbizi wa Msumbiji wakivuka Ruvuma, kisha mwaka 1968 akampisha Mwafrika, Askofu Hilary Chisonga. Waandishi wa Ulaya huzipita haraka habari za Masasi, nami naona wanakosea, kwani huko alitumikia nchi iliyotawaliwa na Waafrika wenyewe.

Baadaye alikuwa Askofu wa Stepney, halafu Mauritius, na toka 1981 rais wa chama cha Uingereza cha kupinga ubaguzi wa rangi, hata Afrika Kusini ilipopiga kura ya wote mwaka 1994. Alifariki Mirfield tarehe 20 Aprili 1998. Majivu yake yalipelekwa Sophiatown, yakazikwa penye kanisa la Kristo Mfalme, moja ya majengo machache yaliyosalia baada ya serikali kubomoa nyumba za watu wake.