Manfred von Richthofen: Rubani wa Ndege Nyekundu

Mwanafunzi, ukiulizwa sifa za mhusika, huenda ukaandika kwamba ni jasiri, ukatoa mfano mmoja na kusonga mbele. Kabla hujarudi kwa wahusika wa kitabu chako, hebu mtazame mtu aliyeishi kweli, ambaye ujasiri wake hata maadui waliukubali, uone kama neno hilo moja linamtosha.

Manfred von Richthofen alizaliwa tarehe 2 Mei 1892 karibu na mji wa Breslau, uliokuwa Ujerumani wakati huo na ambao leo uko Polandi. Babake alikuwa afisa wa jeshi. Akiwa na umri wa miaka 11 alipelekwa shule ya kijeshi, na baadaye akawa afisa katika kikosi cha wapandafarasi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka wa 1914, farasi hawakufua dafu mbele ya bunduki za rashasha, seng'enge na mahandaki. Richthofen akajikuta nyuma ya uwanja wa vita akishughulikia vyakula na vifaa. Kazi hiyo ilimchosha. Mwaka wa 1915 akaomba kuhamishiwa kikosi cha ndege.

Usidhani alizaliwa na kipaji cha urubani. Alianza kama mwangalizi tu, na alipoendesha ndege peke yake kwa mara ya kwanza, aliivunja wakati wa kutua. Aliyemjenga ni rubani mashuhuri Oswald Boelcke, aliyemchukua katika kikosi chake mwaka wa 1916 na kumfundisha kanuni: shambulia kutoka juu, jua likiwa mgongoni mwako, wala usifyatue risasi kabla hujamkaribia adui. Richthofen alipenda uwindaji tangu utotoni, kwa hivyo mafunzo hayo yalimwingia upesi.

Tarehe 17 Septemba 1916 aliangusha ndege ya Waingereza karibu na Cambrai, Ufaransa. Wawili waliokuwamo walikufa. Rubani alikuwa na miaka 19. Sasa zingatia alichofanya baadaye. Aliweka jiwe kaburini kwa heshima. Kisha akaagiza kwa sonara mmoja wa Berlin kikombe kidogo cha fedha, kilichochongwa tarehe na aina ya ndege. Kila ndege aliyoiangusha ikapata kikombe chake, na ya kumi ikapata kikubwa zaidi. Jiwe na kikombe vilitoka kwa mtu yuleyule, tena kwa ajili ya vifo vilevile. Ukitaja kimoja tu, utakuwa umemsoma nusu.

Mwaka wa 1917 alipewa kikosi chake mwenyewe, akaipaka ndege yake rangi nyekundu. Aprili mwaka huo pekee aliangusha ndege 21. Ndipo wakuu wa jeshi wakamhimiza aandike tawasifu, nayo ikasomwa sana Ujerumani. (Kila unaposoma tawasifu, jiulize ni nani aliyetaka iandikwe.) Humo vita vinasimuliwa kama uwindaji wa kujifurahisha.

Tarehe 6 Julai 1917 risasi ilimpiga kichwani akiwa angani. Macho yakaingia giza, mikono na miguu ikafa ganzi, ndege ikaporomoka. Aliweza kuona tena akiwa karibu na ardhi, akatua kwa shida. Alirudi vitani kabla kidonda hakijapona, lakini hakuwa yule wa zamani. Aliumwa na kichwa, alisikia kichefuchefu baada ya kuruka, na akaionea haya majivuno ya kitabu chake. Alipotakiwa aache kuruka apewe kazi isiyo na hatari, alikataa, akiona si haki yeye kukaa salama ilhali askari wa kawaida wamo mahandakini. Vikombe viliishia 60 kwa kuwa fedha ilikuwa adimu. Hesabu ya ndege iliendelea hadi 80.

Katika mighani uliyosoma, shujaa huangamia siri yake ikijulikana: Fumo Liyongo kitovu, Lwanda Magere kivuli. Richthofen hakusalitiwa na mtu. Tarehe 21 Aprili 1918, karibu na mto Somme, alimfukuza rubani mgeni wa vita, akashuka chini mno na kuingia upande wa adui, jambo ambalo yeye mwenyewe aliwakataza vijana wake. Risasi moja ilimpenya kifuani. Jeshi la anga la Uingereza lilimhesabia ushindi huo rubani wake Mkanada, Roy Brown, ingawa wachunguzi wengi leo wanaamini risasi ilitoka kwa Waaustralia waliokuwa ardhini. Alikuwa na umri wa miaka 25.

Waaustralia walimzika kesho yake katika kijiji cha Bertangles. Maafisa sita walibeba jeneza, na bunduki zikapigwa hewani kwa heshima.

Swali
Richthofen ni mhusika bapa au mhusika duara? Thibitisha kwa kurejelea maisha yake kabla na baada ya Julai 1917. (alama 10)