Edgar Codd, mpanga majedwali aliyepuuzwa na mwajiri wake

Mteja anapotoa fedha benki au kukata tiketi ya ndege, mara nyingi kumbukumbu zake husomwa kutoka katika majedwali yaliyotokana na fikra za Edgar Frank Codd, mtu ambaye mwajiri wake hakuwa na haraka ya kumsikiliza.

Codd alizaliwa mwaka 1923 huko Portland, kusini mwa Uingereza. Alisoma hisabati na kemia Oxford, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa rubani wa jeshi la anga. Mwaka 1948 aliajiriwa na IBM mjini New York. Miaka mitano baadaye alihamia Canada, akichukizwa na msako wa Seneta Joseph McCarthy dhidi ya walioshukiwa kuwa wakomunisti, kisha akarejea Marekani.

Zama hizo, aliyetaka taarifa kutoka kwenye kompyuta alilazimika kufuata njia iliyochongwa mapema na waandishi wa programu. Swali jipya lilidai programu mpya. Mwaka 1970, akiwa San Jose, California, Codd alipendekeza data zipangwe katika majedwali yanayohusiana. Mtumiaji aseme anachokitaka. Njia ya kukipata itafutwe na mashine.

IBM ilikuwa ikivuna fedha kutokana na mfumo wake wa zamani, IMS, hivyo ikajikokota. Kampuni changa, ambayo sasa ni Oracle, ilisoma maandishi ya watafiti wa IBM yenyewe na kuwatangulia sokoni mwaka 1979. Codd alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1981.

Alifariki Florida Aprili 18, 2003, akiwa na umri wa miaka 79. Hakuiona Dynamo, hifadhi ambayo Amazon iliieleza hadharani mwaka 2007. Humo hamna majedwali yanayohusiana: kila furushi la data lina ufunguo wake, kama mzigo uliowekewa namba stendi. Kikapu cha mnunuzi hupatikana upesi, hata mashine kadhaa zikizimika. Lakini asiye na namba hapati mzigo, na maswali yasiyotarajiwa, yale aliyoyapigania Codd, huwa magumu tena.

Mwaka 2019 Amazon ilitangaza kwamba biashara yake ya rejareja imezima hifadhidata ya mwisho ya Oracle. Sehemu ya data hizo ilihamia DynamoDB, mrithi wa Dynamo. Nyingine ilihamia katika mifumo mingine ya majedwali, yale yale ya Codd.