Vic Clapham: Jua la Afrika Mashariki lililozaa mbio za Durban

Mbio za Comrades, za karibu kilomita 90 kati ya Pietermaritzburg na Durban nchini Afrika Kusini, zina chimbuko lake katika jua kali la Afrika Mashariki.

Mwasisi wake, Vic Clapham, alizaliwa London mwaka 1886 na kuhamia Afrika Kusini na wazazi wake angali mtoto. Akiwa na umri wa miaka 13 alijiunga na wabeba majeruhi katika vita vya Waingereza na Makaburu. Baadaye akawa dereva wa garimoshi huko Natal.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Clapham alipelekwa kupambana na majeshi ya Wajerumani yaliyoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Inasimuliwa kwamba alitembea kilomita 2,700. Joto, kiu, malaria na kuhara viliwaangusha askari wengi kuliko risasi.

Aliporejea nyumbani, aliomba ridhaa ya chama cha askari wa zamani aanzishe mbio za kuwakumbuka wenzake waliokufa. Alikataliwa zaidi ya mara moja, kwa hoja kwamba mwili wa binadamu usingestahimili. Mwaka 1921 alikubaliwa, akakopeshwa pauni moja. Mei 24 mwaka huo walianza watu 34. Waliomaliza Durban walikuwa 16.

Tangu hapo barabara hiyo imekuwa darasa la afya. Arthur Newton, mshindi mara tano katika miaka ya 1920, alisifika kwa kinywaji chake cha limau, sukari na chumvi, kwani jasho huondoa maji na chumvi kwa pamoja. Mwaka 1981 mkimbiaji mmoja nusura afariki dunia, si kwa kiu, bali kwa kunywa maji mengi mno hadi chumvi ya damuni ikapungua. Madaktari wakapata funzo: katika joto, kunywa kwa kadiri ya kiu, na pumzika kivulini kabla mwili haujashindwa.

Clapham alifariki mwaka 1962. Watu weusi na wanawake hawakuruhusiwa rasmi kushiriki hadi mwaka 1975.

Nao wapagazi wa Kiafrika waliobeba mizigo ya vita hivyo chini ya jua lile lile, ambao waliokufa wanakadiriwa kukaribia 100,000, hawakuanzishiwa mbio. Wameachiwa majina ya mitaa: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi.