Fritz Walter

Friedrich "Fritz" Walter (Kaiserslautern, 31 Oktoba 1920 – Enkenbach-Alsenborn, 17 Juni 2002) alikuwa mchezaji wa soka kutoka nchini Ujerumani. Alicheza kama kiungo mshambuliaji wa klabu ya 1. FC Kaiserslautern, na alikuwa nahodha wa timu ya taifa ya Ujerumani Magharibi iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1954 nchini Uswisi. Aliichezea timu ya taifa mechi 61 na kufunga mabao 33. Bila shaka hesabu hiyo ingekuwa kubwa zaidi kama si Vita Kuu ya Pili ya Dunia: kati ya umri wa miaka 22 na 30, ambao kwa kawaida ndio umri bora wa mchezaji, hakucheza hata mechi moja ya kimataifa.

Maisha ya awali

Walter alizaliwa Kaiserslautern, mji wa viwanda ulioko kusini-magharibi mwa Ujerumani. Wazazi wake waliendesha mgahawa wa klabu ya soka ya mji huo, kwa hiyo watoto walikulia karibu kabisa na wachezaji. Wadogo zake Ludwig na Ottmar nao walicheza soka. Ottmar, aliyezaliwa mwaka 1924, alikuja kuwa mshambuliaji wa kati aliyefunga mabao mengi kutokana na pasi za kaka yake. Fritz alijiunga na timu ya watoto ya klabu mwaka 1928, na alipofikisha miaka 17 alianza kuchezea timu ya wakubwa. Wakati huo soka haikuwa kazi ya kulipwa nchini Ujerumani, naye alijifunza kazi ya benki.

Kocha wa timu ya taifa, Sepp Herberger, alimwona mapema. Tarehe 14 Julai 1940 alimpanga kwa mara ya kwanza dhidi ya Romania mjini Frankfurt. Ujerumani ilishinda 9-3, na kijana huyo wa miaka 19 alifunga mabao matatu. Kuanzia siku hiyo Herberger alikuwa kwake kama baba, na uhusiano wao ulidumu hadi kocha huyo alipofariki mwaka 1977. Kufikia Novemba 1942 Walter alikuwa ameshacheza mechi 24 za kimataifa. Mojawapo ilikuwa dhidi ya Hungaria mjini Budapest mwezi Mei 1942: Ujerumani ilikuwa nyuma 3-1 wakati wa mapumziko, kisha ikashinda 5-3. Mechi hiyo ilikuja kuwa na maana kubwa katika maisha yake kuliko matokeo yake yanavyoonyesha.

Vita na kambi ya wafungwa

Walter aliingizwa jeshini na kutumikia Ufaransa, kisha katika visiwa vya Bahari ya Kati. Katika miaka ya jeshi aliugua malaria. Tangu hapo alipata shida kucheza kwenye jua kali, lakini mvua ilipomwagika na uwanja kuloa alicheza vizuri kuliko kawaida. Hadi leo Wajerumani wengi huiita siku ya mvua na baridi "hali ya hewa ya Fritz Walter", hata wale ambao hawafuatilii soka.

Herberger alijitahidi kuwaweka wachezaji wake mbali na mstari wa mbele. Kwa msaada wa rubani Hermann Graf, aliyeanzisha timu ya soka ya jeshi la anga iliyoitwa Rote Jäger, Walter alihamishiwa katika kikosi cha rubani huyo. Vita vilipokwisha Mei 1945, kikosi kilijisalimisha kwa Wamarekani, nao wakakikabidhi kwa jeshi la Kisovyeti. Wafungwa walipelekwa katika kambi ya Sighet, kaskazini mwa Romania, ambako walisubiri kusafirishwa hadi kambi za kazi ngumu huko Umoja wa Kisovyeti. Wengi waliopelekwa huko hawakurudi.

Yaliyotokea kambini yanajulikana kutokana na simulizi ya Walter mwenyewe. Walinzi walikuwa wakicheza mpira. Mpira ulipotoka nje aliurudisha kwa ustadi, wakamwita acheze nao. Mlinzi mmoja kutoka Hungaria alimtambua: alikuwa amemwona akicheza Budapest mwaka 1942. Orodha ya watu wa kusafirishwa ilipoandaliwa, jina la Walter na la mdogo wake Ludwig, aliyekuwa katika kambi hiyohiyo, yaliondolewa kwa hoja kwamba hawakuwa Wajerumani bali watu wa eneo la Saar. Kaiserslautern haimo katika Saar, ingawa iko karibu nayo. Ndugu hao wawili walifika nyumbani mwishoni mwa Oktoba 1945. Ottmar, aliyetumikia jeshi la majini na kujeruhiwa, naye alinusurika.

Kaiserslautern baada ya vita

Mji wao sasa ulikuwa katika sehemu ya Ujerumani iliyotawaliwa na Wafaransa. Chakula kilikuwa haba. Walter alishiriki kuijenga upya timu, na ndani ya miaka michache klabu ya mji usio mkubwa ikawa miongoni mwa zilizoogopwa zaidi nchini. Wakati huo Bundesliga haikuwepo bado (ilianza mwaka 1963). Klabu zilicheza ligi za kanda, na washindi walikutana katika mashindano ya mwisho ya kutafuta bingwa wa taifa. Kaiserslautern ilifika fainali mwaka 1948 ikafungwa na 1. FC Nürnberg 2-1. Mwaka 1951 ilitwaa ubingwa kwa kuifunga Preußen Münster 2-1, mabao yote mawili yakifungwa na Ottmar, na mwaka 1953 iliifunga VfB Stuttgart 4-1.

Kwa istilahi za leo Walter anaitwa kiungo mshambuliaji. Katika mfumo wa zamani wa washambuliaji watano alikuwa mshambuliaji wa ndani, yaani yule anayerudi nyuma kuchukua mpira na kuugawa. Alikuwa na jicho la pasi na mguu laini, lakini pia alifunga: mabao yake kwa Kaiserslautern yanazidi 300.

Mwaka 1951 Atlético Madrid ya Hispania ilimpa ofa nono. Nyumbani kanuni ziliweka mshahara wa mchezaji usizidi marki 320 kwa mwezi, na kipato chake kingine kilitokana na biashara ya kufulia nguo na jumba la sinema. Alikataa. Mke wake, Italia Bortoluzzi, waliyeoana mwaka 1948, aliunga mkono uamuzi huo. Klabu nyingine za nje zilizomtaka nazo zilijibiwa hivyohivyo. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa wa mtu mwoga wa kutoka nyumbani, na ni kweli Walter hakuwa mtu wa kujiamini sana. Lakini kwa mtu aliyerudi akiwa hai kutoka Sighet, kubaki nyumbani hakukuwa jambo dogo.

Kombe la Dunia 1954

Ujerumani haikuruhusiwa kushiriki Kombe la Dunia la 1950. Ilirudi katika soka ya kimataifa Novemba mwaka huohuo, na Walter alirudi timu ya taifa mwaka 1951 akiwa nahodha. Mwaka uliofuata timu ilifungwa na Ufaransa 3-1 mjini Paris. Yeye alilaumiwa mno, akafikiria kuacha. Herberger alimsihi abaki.

Lawama zilirudi kabla tu ya safari ya Uswisi. Mwezi Mei 1954 Kaiserslautern ilipoteza fainali ya ubingwa kwa Hannover 96 kwa mabao 5-1. Wengi walishangaa kwamba Herberger bado aliwachukua wachezaji watano wa timu hiyo iliyofedheheshwa: Fritz na Ottmar Walter, Werner Liebrich, Horst Eckel na Werner Kohlmeyer. Wote watano walianza katika fainali ya dunia.

Ujerumani Magharibi iliifunga Uturuki 4-1. Kisha Herberger alipanga wachezaji wengi wa akiba dhidi ya Hungaria, wakafungwa 8-3. Katika mechi ya marudiano Uturuki ilifungwa 7-2, halafu Yugoslavia ikaondolewa kwa 2-0. Kambini Spiez kocha alimweka Walter chumba kimoja na Helmut Rahn, winga mcheshi wa Rot-Weiss Essen, ili nahodha wake mwenye wasiwasi apate wa kumchangamsha. Katika nusu fainali dhidi ya Austria, iliyoisha 6-1, ndugu wa familia ya Walter walifunga mabao manne: Fritz mawili, yote ya penalti, na Ottmar mawili.

Fainali ilichezwa tarehe 4 Julai 1954 katika uwanja wa Wankdorf mjini Bern. Hungaria ya Ferenc Puskás ilikuwa bingwa wa Olimpiki wa mwaka 1952 na haikuwa imefungwa katika mechi zaidi ya 30. Mchana mvua ilianza kunyesha, hali ambayo Walter aliipenda. Tena njumu za Wajerumani, zilizotengenezwa na Adi Dassler, zilikuwa na meno ya kubadilishwa, hivyo wangeweza kufunga marefu kwa uwanja wenye tope.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Puskás alifunga dakika ya 6, Zoltán Czibor dakika ya 8. Max Morlock alirudisha moja dakika ya 10. Dakika ya 18 Walter alipiga kona, mpira ukampita golikipa Gyula Grosics, na Rahn akasawazisha. Kwa zaidi ya saa nzima Hungaria ilishambulia, ikagonga mwamba, ikazuiwa na golikipa Toni Turek. Dakika ya 84 Rahn alifunga la tatu kwa mguu wa kushoto. Puskás alitikisa wavu tena karibu na mwisho, lakini mshika kibendera aliashiria kwamba ameotea. Jules Rimet alimkabidhi Walter kombe. Fritz na Ottmar wakawa ndugu wa kwanza kushinda Kombe la Dunia pamoja.

Ushindi huo, ambao Wajerumani huuita "muujiza wa Bern", una upande wake wa kivuli. Miezi michache baadaye wachezaji kadhaa, Walter akiwemo, waliugua ini. Baadaye ilijulikana kwamba baadhi yao walichomwa sindano kabla ya mechi. Daktari wa timu alisema zilikuwa za vitamini C tu. Watafiti wengine wametilia shaka maelezo hayo, ila jambo lenyewe halijathibitishwa. Kwa Hungaria fainali ile ilibaki kidonda. Na nahodha aliyepokea kombe mbele yao ndiye yule aliyeokolewa na mlinzi wa Kihungaria miaka tisa kabla.

Miaka ya mwisho uwanjani

Tarehe 6 Oktoba 1956 Kaiserslautern ilicheza mechi ya kirafiki na Wismut Karl-Marx-Stadt mjini Leipzig, Ujerumani Mashariki, mbele ya watazamaji wapatao 100,000. Mpira ulipopita nyuma yake Walter alijirusha mbele, karibu akiwa sambamba na ardhi, akaupiga kwa kisigino hadi wavuni. Kaiserslautern ilishinda 5-3. Hakuna kombe lililoshindaniwa siku hiyo, lakini bao hilo hutajwa mara nyingi kuwa zuri kuliko yote aliyofunga.

Alikuwa na miaka 37 Herberger alipomwita tena kwa Kombe la Dunia la 1958 nchini Sweden, safari hii Hans Schäfer akiwa nahodha. Katika nusu fainali mjini Göteborg, Ujerumani Magharibi ilifungwa na wenyeji 3-1. Walter aliumizwa vibaya, na kwa kuwa kanuni hazikuruhusu kubadilisha wachezaji, timu ilibaki pungufu zaidi baada ya Erich Juskowiak kutolewa kwa kosa. Hiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho ya kimataifa. Mwaka huohuo shirikisho la soka la Ujerumani lilimfanya nahodha wa heshima, mtu wa kwanza kupewa cheo hicho. Aliacha kuchezea klabu mwaka 1959.

Baada ya soka

Hakutaka kuwa kocha mkubwa. Alihamia Alsenborn, kijiji kilicho karibu na Kaiserslautern, akaishauri timu ya hapo. SV Alsenborn ilitwaa ubingwa wa ligi ya kanda mara tatu mfululizo kuanzia 1968, ingawa haikupanda Bundesliga. Kwa niaba ya taasisi yenye jina la Herberger alitembelea magereza mengi kuzungumza na wafungwa. Mwaka 1985 uwanja wa Betzenberg, nyumbani kwa klabu yake, ulipewa jina la Fritz-Walter-Stadion. Tangu 2005 shirikisho la soka hutoa medali yenye jina lake kwa wachezaji bora vijana.

Uzeeni alitumaini kuona Kombe la Dunia likichezwa mjini kwake, na Kaiserslautern ilichaguliwa kuwa miongoni mwa miji ya mashindano ya 2006. Mke wake alifariki Desemba 2001, na yeye akamfuata tarehe 17 Juni 2002, akiwa na miaka 81. Tarehe 17 Juni 2006, miaka minne kamili baada ya kifo chake, Italia na Marekani zilikutana katika uwanja wenye jina lake, na watazamaji walisimama kimya kumkumbuka kabla ya mechi kuanza. Mechi iliisha kwa sare ya 1-1.