Gertrude Benham: Mwanamke aliyepanda Kibo bila kufika kileleni

Mwaka 1909 reli ya kutoka Tanga ilikuwa bado haijafika Moshi, na nchi ilikuwa chini ya utawala wa Wajerumani. Mwaka huo mwanamke Mwingereza wa umri wa miaka 42 alifika kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Hakuwa na mume wala ndugu wa kumsindikiza, na hakutumwa na serikali yoyote. Alitaka kupanda mlima. Aliitwa Gertrude Benham.

Alikuwa nani?

Gertrude alizaliwa London mwaka 1867, mtoto wa mfanyabiashara wa vyuma. Baba yake alipenda milima na alikuwa akimchukua binti huyo kwenda kupanda milima ya Alps huko Ulaya. Lakini Gertrude hakuolewa, na katika familia za wakati huo, kama ilivyo katika familia nyingi hadi leo, binti asiyeolewa ndiye aliyebaki nyumbani kuwatunza wazazi. Baba alitangulia kufariki, na mama akafuata mwaka 1903.

Hapo Gertrude akawa huru. Aliachiwa urithi mdogo, wa kutosha kuishi na kusafiri kwa kubana matumizi. Mwaka uliofuata alikwenda Kanada. Huko kulikuwa na kilele ambacho profesa mmoja Mmarekani, Charles Fay, alitamani sana awe mtu wa kwanza kukifikia. Gertrude alikifika kabla yake. Hata hivyo mlima huo unaitwa kwa jina la profesa hadi leo.

Nini kilimpata Kilimanjaro?

Gertrude alifika Kilimanjaro baada ya safari ndefu ya kutembea kwa miguu, iliyoanzia nchi ambayo leo ni Zambia na kupita Ziwa Tanganyika. Kilele cha Kibo, chenye urefu wa mita 5,895, kilikuwa kimefikiwa mara ya kwanza mwaka 1889 na Mjerumani Hans Meyer pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria. Ilipita miaka 20 kabla ya watu wengine kukifikia tena, mwaka huohuo wa 1909. Hakuna mwanamke aliyekuwa amefika huko.

Alipata wapagazi na mpishi, wakaanza safari. Anayeishi Marangu, Machame au Old Moshi anaijua njia ya mlimani: unaiacha migomba na kahawa, unaingia msitu wenye unyevu, kisha vichaka, halafu jangwa la mawe na upepo. Karibu na theluji, msafara ukakuta mifupa ya watu wawili wa safari iliyotangulia.

Wapagazi wakakataa kuendelea.

Hofu yao ilikuwa na msingi. Juu kule hewa ya kuvuta ni kama nusu ya ile ya pwani, na usiku maji huganda. Mtu akichoka, akinyeshewa na kukosa nguo za kutosha, baridi inaweza kumuua kabla ya asubuhi. Mgeni alipanda kwa hiari yake. Mpagazi alipanda kwa ajili ya ujira, na mifupa ile ilimwonyesha gharama yake.

Gertrude hakurudi. Alibeba mzigo wake mwenyewe akaanza kupanda, na baadhi ya watu wake wakaamua kumfuata. Siku ya mwisho, palipobaki theluji tupu, aliendelea peke yake. Ukungu ukashuka na kufunga kila kitu. Mtu aliye peke yake kwenye theluji, asiyeona alikotoka wala anakokwenda, anaweza kutembea hadi kwenye genge bila kujua. Gertrude akageuka na kuteremka. Kilele cha juu kabisa hakukifikia.

Aliishije baada ya hapo?

Hakuacha kusafiri. Mwaka 1913 alivuka Afrika kwa miguu, kutoka Nigeria upande wa magharibi hadi pwani ya Msumbiji. Alikwenda na nyuzi na sindano zake, na vitu alivyofuma alibadilishana na vile vilivyotengenezwa na wenyeji. Mwaka 1935 aliukabidhi mkusanyo wake, karibu vitu 800, kwa makumbusho ya mji wa Plymouth, Uingereza. Alifariki mwaka 1938 akiwa na miaka 70, melini, akirudi kutoka Afrika. Alizikwa baharini.

Nani alifuata nyayo zake?

Mwaka 1927, miaka 18 baada ya Gertrude kugeuka kwenye ukungu, Sheila MacDonald kutoka Uingereza akawa mwanamke wa kwanza kufika kilele cha Kibo. Leo wanawake wanapanda kila msimu, wakiwemo Watanzania, na wapo wanaofanya kazi ya kuongoza wageni. Mapacha wawili kutoka India, Tashi na Nungshi Malik, walipanda Kilimanjaro pamoja mwaka 2012. Mwaka uliofuata walifika Everest, na kufikia mwaka 2015 walikuwa wamekwishafika Ncha ya Kusini na Ncha ya Kaskazini ya dunia. Gertrude hakuwa na dada wa kushika naye kamba moja. Wao walikuwa wawili kila hatua.

Kuna jambo jingine la kukumbuka katika maisha haya. Gertrude alijua wakati wa kurudi, na ndiyo sababu aliishi karibu miaka 30 zaidi. Wapagazi waliosimama mbele ya ile mifupa walijua jambo hilohilo, mapema kuliko yeye. Siku hizi kanuni za hifadhi zinasema mpagazi asibebe zaidi ya kilo 20, na mizigo hupimwa getini. Kama una kijana anayepanda mlima kwa kazi, mwambie apime mzigo wake, asipande bila nguo za baridi, na asione aibu kusema kwamba amechoka. Kibo hakihami, kesho kitakuwepo.