Bwana Euler na Namba ya Fermat

Leonhard Euler alizaliwa tarehe 15 Aprili 1707 katika mji wa Basel, nchi ya Uswisi. Baba yake alikuwa mchungaji, naye alitaka mwanawe ashike kazi hiyo hiyo. Lakini Johann Bernoulli, mwalimu mkubwa wa hesabu mjini hapo, alipokiona kipaji cha kijana alimsihi mzee amwachie. Mzee akakubali. Mwaka 1727 Euler akaenda St. Petersburg, Urusi, kufanya kazi katika Chuo cha Sayansi.

Mwaka 1729 rafiki yake Goldbach alimwandikia barua, na mwishoni akamwuliza juu ya neno la Fermat, Mfaransa aliyefariki mwaka 1665. Fermat alisadiki kwamba ukizizidisha pamoja mbili 2, au 4, au 8, au 16, na kuendelea hivyo maradufu, kisha ukaongeza 1, utapata namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Kweli 5, 17, 257 na 65,537 ni tasa. Inayofuata, ya mbili 32, ni 4,294,967,297. Fermat alikuwa bingwa, na namba ni ndefu. Ni rahisi kusadiki.

Mwaka 1732 Euler alionyesha kwamba inagawanyika kwa 641. Baadaye alithibitisha kwamba kila kigawo tasa cha namba hii hakina budi kuwa 64 mara kadhaa, na 1 juu yake. Basi za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu! Mimi niliigawa usiku saa ya kujisomea. Mara ya kwanza nilipata baki, nikafurahi kwamba Euler amekosa. Kumbe nilikuwa nimeruka tarakimu moja. Niliporudia nikapata 6,700,417 kamili, wala sikubaki na kitu.

Yapata mwaka 1738 jicho lake la kulia lilipofuka. Alikaa Berlin miaka 25, akarudi Urusi mwaka 1766, na huko jicho la pili nalo likaingia giza. Mwaka 1771 nyumba yake iliungua, na fundi mmoja wa kutoka Basel, Peter Grimm, akaingia motoni akambeba mgongoni.

Mwaka uliofuata kipofu huyu alitangaza kwamba 2,147,483,647 ni tasa. Kazi hii naiona kubwa kuliko ile ya kwanza. Kuvunja namba kwahitaji kigawo kimoja tu. Kuthibitisha kwamba haivunjiki ni lazima kuondoa kila kigawo kinachowezekana, hadi kupita 46,000. Kwa kanuni zake alivipunguza sana, na wanawe na wasaidizi wakamwandikia.

Tarehe 18 Septemba 1783 alizungumza na wenzake juu ya njia ya sayari mpya, Uranus. Jioni ile alishikwa na kiharusi, akafariki.